Wivu Wangu kwa Mwanamke wa Ukutani

Mwanangu Ndeninsia,

Salamu sikuandikii, maana tumeshinda wote leo na jioni hii tutakula chungu kimoja. Umekwenda na baba yako kumuaga bibi yako kule juu, na bibi namjua, hatawaachilia mpaka mmekula. Basi nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu. Mambo ya blanketi na viatu, na jinsi ya kuishi na watu chuoni Kampala, nimewaachia shangazi zako. Wamekuambia wiki nzima na masikio yako yamejaa. Mimi nina jambo moja tu. Kwa mdomo limenishinda, kwa sababu kila nikilianza sauti yangu inakuwa ya kugomba, na sitaki uondoke nyumbani ukiwa na sauti hiyo kichwani.

Unakumbuka nilivyoshikilia kwamba uende kwa gari moshi, kutoka Arusha mpaka Moshi, Voi, Nairobi, na mbele huko. Baba yako alitaka akupeleke kwa lori la Saidi mpaka Nakuru, ndipo upande gari moshi la Kampala. Tulibishana mbele yako mpaka ukatoka nje. Nilisema lori lina vumbi, breki zake hazina uhakika, mteremko wa Bonde la Ufa umeua watu. Ukadhani naogopa barabara. Siogopi barabara, mwanangu. Kando ya barabara hiyo kuna kanisa moja dogo, na ndani yake kuna mwanamke. Nimemwonea wivu mwanamke huyo tangu wewe ulipokuwa unang'oka meno ya utoto.

Vita vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, na baba yako alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujulikana kwa useremala wake mpaka mjini. Muhindi mmoja wa Arusha alikuwa anafungua duka la pili huko Nakuru. Akampa baba yako kazi ya kutengeneza makabati, na aende kuyafunga mwenyewe. Wakaondoka na Saidi, yule Mrangi wa Kondoa ambaye wewe umezoea kumwita baba mdogo. Nilimfungia baba yako ndizi za kuchoma na maziwa ya mgando, nikarudi kwenye kahawa yangu bila wasiwasi wowote.

Aliporudi alikuwa amekonda, tena kimya. Nilimsalimu akaitikia, nilimpa chakula akala, lakini alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Saidi ndiye aliyenieleza, alipokuja kesho yake kuchukua misumeno aliyoisahau baba yako kuirudisha.

"Shemeji," akasema, "mumeo kaangushwa na mwanamke."

Nikadhani utani wake. "Mwanamke gani?"

"Wa ukutani."

Akanieleza akicheka. Walipokuwa wameipita Nairobi, barabara inapoanza kushuka, injini ilichemka wakasimama ipoe. Pale kuna kanisa la mawe walilolijenga mateka wa Kitaliano wakati wa vita, walipokuwa wanatengenezeshwa barabara ile. Dogo sana, kama kibanda cha kukaushia kahawa. Baba yako akaingia, alisema anataka kuona milango ilivyoungwa. Akakawia. Saidi akamfuata, akamkuta amekaa sakafuni kati ya mabenchi, jasho linamtoka, mwili unatetemeka, machozi yanachuruzika naye hayapangusi.

"Nikamwuliza, una homa? Akatikisa kichwa. Nikamwambia inuka. Akasema miguu haipo. Wallahi shemeji, nilimkokota kama gunia la maharage mpaka kwenye lori, na mpaka Nakuru hakutia kitu mdomoni."

"Na huyo mwanamke?"

"Picha tu. Kachorwa mbele pale, kapakata mtoto. Mimi nimeingia, nimetoka. Nimeona rangi."

Nilicheka pamoja naye, nikamwongezea maziwa. Alipopotea katika migomba kicheko kikanikauka mdomoni.

Angekuwa mwanamke mwenye miguu ningejua la kufanya. Ningemngoja sokoni Tengeru nimtazame juu mpaka chini, nijue amenizidi nini. Ningeuliza ukoo wake, na kama alishaachika. Lakini huyu hana ukoo, hazeeki, hajapata kuunguza chakula. Hata kumtukana sikuweza, maana kamshika mtoto ambaye kila mtu anajua ni nani. Bibi yako aliposikia alisema Waroma wamemroga mwanawe kwa sanamu zao. Sisi kanisani kwetu kuta ni nyeupe, msalaba na basi, hajawahi mtu kuanguka. Nikamkubalia bibi, lakini mimi sikuamini uchawi. Niliamini alichosema Saidi: ameangushwa.

Nikaanza kumchunguza baba yako kidogo kidogo. Siku moja nikiwa namenya ndizi nikamwuliza kama vile sijali, "Alivaa nini huyo wa Nakuru?"

"Si wa Nakuru," akasema. "Alivaa buluu."

Jumamosi iliyofuata nikanunua kitambaa cha kichwa cha buluu. Nilikivaa kanisani, nikakivaa shambani, nikakivaa jikoni kikapata masizi. Mwezi ukapita. Siku moja akaniangalia sana. Akasema, "Kile chekundu chako kilikuwa kinakupendeza zaidi." Leo najua aliyasema kwa mapenzi. Siku ile nilisikia kwamba buluu ni ya mwenyewe, nisijaribu.

Halafu akaanza kuchonga. Alikuwa anatengeneza ubao wa kichwani wa kitanda chetu, wa mti wa mringaringa, na jioni alikuwa akikaa nao pembeni na patasi ndogo. Sikumwuliza. Asubuhi moja alipokwenda mjini nikaenda kuutazama. Palikuwa na paji la uso, na shingo iliyoinama, na mwanzo wa mkono. Mwanangu, kwenye kitanda changu! Nikachukua randa yake nikalipiga randa paji lile, na shingo, na mkono, mpaka ubao ukawa na bonde katikati.

Alirudi akasimama mbele ya ubao muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa hata na maneno. Akaokota randa, akapitisha kidole kwenye makali yake.

"Umeiharibu randa," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Na ubao."

Akaupasua kuni. Ningependa kukuambia kwamba nililia, lakini nilipikia kuni zile, tena kwa furaha. Wivu una furaha yake, usikubali akudanganye mtu kwamba ni uchungu mtupu. Unakupa kazi ya kufanya kila siku.

Baada ya hapo hakumtaja tena, na hapo ndipo ikawa mbaya kweli. Mtu akinyamaza, unamjazia maneno mwenyewe. Nilikuwa namwona anatazama mvua inavyoshuka kutoka Meru, najisemea, yuko kule. Anaweka kijiko chini, yuko kule. Mwisho nikasema, "Nipeleke nikamwone."

Uso wake ukang'aa mpaka nikaumia. "Kweli?"

"Kweli."

Saidi alipopata safari tukaenda naye, wewe tukakuacha kwa bibi. Nilivaa gauni langu la Krismasi na viatu. Nilijipaka mafuta usoni. Nilijipamba kama mtu anayekwenda kukutana na mke mwenzake. Tukapita Ngaramtoni watu wanashusha ndizi za soko, tukapita Longido, tukavuka Namanga ambako sikuwa nimewahi kufika. Baba yako alikuwa ananionyesha kila kitu, twiga, mabati ya Nairobi, mashamba ya chai ya Wazungu. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nami nilihesabu kila neno lake kuwa ni la yule tunayemwendea.

Kanisa lilikuwa kama alivyosema Saidi. Baridi, harufu ya mshumaa, hakuna mtu. Nikatembea moja kwa moja mpaka mbele nikamtazama.

Nyusi zake nzito. Pua ndefu. Shingo imelala upande kama imechoka. Mtoto amesinzia mapajani, mkono wake mmoja unaning'inia. Nguo ni ya buluu kweli, na nyuma yake yule mfungwa aliyechora alikuwa ameweka vilima vilevile tulivyoviona kupitia kioo cha lori. Nikangoja. Nilisema moyoni, haya, niangushe na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia akiwa mzuri, na nilikuwa nimejiandaa kumcheka akiwa mbaya. Hakuwa hivi wala vile. Nilisikia njaa. Nilisikia kiatu cha kushoto kinanibana. Zaidi ya hapo, Ndeni, sikusikia kitu.

Kisha nikasikia pumzi ya baba yako. Ilikuwa inaingia kwa vipande. Nikageuka, nikamwona ameshika benchi, vidole vimekuwa vyeupe, magoti yanapinda taratibu mpaka yakagusa sakafu. Jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile. Na uso wake ulikuwa wazi. Sijui neno lingine. Siku ya harusi yetu alikuwa amejikaza kama mtu anayepigwa picha. Siku uliyozaliwa alicheka, lakini alicheka kama mwanamume anayetazamwa na watu. Miaka yote ile nilikuwa nimeishi na mlango uliorudishwa, nikidhani ndivyo mlango wake ulivyo. Sasa naukuta umefunguka wote, kwa ajili ya chokaa na rangi.

"Simama," nikamwambia. "Saidi anangoja."

"Mama Ndeni, kaa kidogo."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu na mimi."

Nikatoka. Nilimwacha mume wangu sakafuni katika nchi ya watu, nikasimama kando ya barabara nikitazama lile bonde kubwa ambalo watu husifu, na sikuliona. Saidi ndiye aliyeingia kumwinua. Njiani, baba yako alingoja mpaka tumefika mbali ndipo akaniuliza polepole, kama mtoto, "Umemwona?"

"Nimeona ukuta."

Hakuniuliza tena. Haukupita muda Kenya ikaingia katika Hali ya Hatari, na barabara ile ikawa si ya watu kama sisi. Nilifurahi. Watu walikuwa wanateswa huko, mwanangu, na mimi nilifurahi kwamba njia imefungwa.

Sasa nifike kwako.

Ulikuwa darasa la nne tulipokwenda Machame kwenye sikukuu ya kanisa. Tulikaa nje kwenye majani, watu wengi, wewe kati yangu na baba yako. Wapiga tarumbeta wakasimama, na ile tarumbeta kubwa ya sauti ya chini ilipoanza nikakuona umeshika tumbo. Nikadhani umekula embe bichi. Ukageuka mweupe midomoni, ukaanza kutetemeka, na kabla sijakudaka ulikuwa chini, unalia bila sauti, macho wazi. Watu wakasogea. Baba yako hakupiga kelele. Alilala chini kwenye majani kando yako, uso kwa uso na wewe, naye akawa analia na kucheka pamoja. Mkatazamana. Mlikuwa mnafahamiana kama watu waliokutana mbali ugenini wakagundua wanatoka kijiji kimoja.

Mimi nilikuwa nimesimama juu yenu na kikapu cha chakula.

Niliwaambia watu ni malaria. Nilipofika nyumbani nikakunywesha kwinini siku kadhaa, na wewe ulikunywa ukikunja uso, ukiniambia, "Mama, sikuwa naumwa." Nilijua. Nikamwapisha baba yako asikueleze habari ya kanisa lile. Nikamwambia, ukimweleza utamtia kifafa. Akaniangalia, akasema, "Sawa." Amelishika neno lake mpaka leo. Kwa hiyo umekua ukidhani ule ulikuwa ugonjwa, ukidhani kuna kasoro mwilini mwako, na kila panapopigwa tarumbeta unakwenda kukaa nyuma karibu na mlango. Nimekuona ukifanya hivyo. Nimekuona, nikanyamaza.

Sikuwa na haja ya kukulinda na kitu. Sikutaka tu baba yako awe na mwenzake.

Juzi, alipokuwa anapigilia bawaba za sanduku lako, nilikwenda nikakaa kwenye benchi lake la kazi. Nikamwuliza jambo lililonipasa kumwuliza zamani.

"Yule mwanamke ana nini?"

Hakuuliza mwanamke yupi. Akashusha nyundo. "Sijui."

"Miaka yote hii hujui?"

"Ningejua nisingeanguka."

Halafu nikasikia nasema, na sauti yenyewe siyo niliyoipanga, "Ulikwenda huko peke yako. Hukunigawia hata kidogo."

Akanitazama, bila hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Nilikupeleka," akasema. "Nikakuambia kaa. Ukatoka." Akainua nyundo akaendelea na bawaba.

Ndeni, nimelala nayo maneno hayo usiku kucha na nimeamka nayo. Miaka yote nimejiona mtu aliyenyimwa. Nilidhani kuna chakula kinaliwa chumbani nami nimefungiwa nje, kumbe mlango niliuvuta mwenyewe. Alikuwa haniombi nianguke. Alikuwa ananiomba nikae karibu na yeye aliyeanguka, na hilo halihitaji kipaji chochote. Saidi alimbeba, yeye aliyeona rangi tu.

Wewe unakwenda kusomea uuguzi. Utakaa na watu waliolala chini mara nyingi kuliko mimi nilivyowahi kukaa. Wengine watakuwa na uchungu usioujua, na wengine, nani ajuaye, watakuwa na furaha usiyoijua, na hiyo ndiyo ngumu zaidi kuikalia. Mtu mwenye maumivu ni rahisi kumhurumia. Mtu aliyefunguliwa na kitu ambacho kwako ni ukuta, huyo atakutia wivu mpaka utamani kumnywesha kwinini. Sina dawa ya hilo. Mimi mwenyewe jana niliwasikia mnacheka na baba yako huko kwenye karakana, na mkono wangu ukaacha kusonga ugali ukabaki hewani, nikisikiliza mnacheka nini.

Kwa hiyo sikuambii kwamba wivu umeniisha. Lakini nimefanya hivi. Leo mchana niliposema nakwenda kununua sabuni, nilikwenda kwa Saidi. Nikamwambia kesho alfajiri asiende kupakia vitunguu kwanza, atupitie hapa. Tikiti ya gari moshi nimeirudisha stesheni. Baba yako hajui. Bado anadhani kesho tunakusindikiza mpaka gari moshi tu, na ameshanyoa ndevu kwa huzuni.

Saidi akacheka. "Kwa hiyo nawapeleka wawili."

"Watatu," nikasema.

"Na wewe shemeji? Wewe si ulisema ni ukuta?"

"Ni ukuta," nikamwambia. "Nakwenda kuutazama tena."

Usidhani nakwenda kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Nakwenda kwa sababu sitaki muanguke wawili huku mimi niko nyumbani napalilia kahawa. Ukiona huo si moyo wa mama, basi vumilia, ndio niliopewa.

Barua hii nitaiweka kitandani kwako, uisome kabla hujalala. Kesho njiani usinitajie, na baba yako usimwambie chochote mpaka alisikie lori lenyewe linapiga honi pale njia panda. Nataka nimwone uso wake mimi wa kwanza. Na ukifika kule, ikikukuta ile ya Machame, usikimbilie mlangoni. Huumwi. Hukuwa unaumwa. Kaa chini kama mwili unataka kukaa chini, lia kama unataka kulia. Uko na baba yako, anaifahamu njia hiyo. Isipokukuta pia ni sawa, utakuwa umeangukia upande wangu, na upande wangu nao una watu.

Jambo la mwisho ni ombi, na ni zito kwangu kuliko yote niliyoandika. Nitaingia nyuma yenu. Nitajitahidi. Lakini najijua: nikiona nyuso zenu mbili zimefunguka na wangu umebaki ulivyo, nitatafuta sababu ya kutoka. Nitasema tumechelewa, au nitasema naangalia mzigo. Usinijibu, wala usinionee haya mbele ya baba yako. Nishike mkono tu, mwanangu, unishike kwa nguvu, nisitoke.

Mama yako.